Safari ya Kwenda Kula Beni

Baada ya kumzika mtoto wetu, mke wangu aliendelea kupika kama kawaida, lakini hakula. Alisonga bukari, ugali wetu, akanipakulia na maharage, akaninawisha mikono, kisha akatoka nje na kuegemea ukuta. Nilipomwita alisema ameshiba. Mtoto alikuwa amezoea kulala kwenye mkeka pale jikoni, karibu na mafiga, mama yake akipika. Alikuwa na miezi minane. Homa ilimchukua wiki ile ambayo bunduki zililia upande wa mlimani na Butembo yote ikajifungia ndani. Tulimzika asubuhi, watu watano, haraka. Matanga hayakuwepo. Hakuna aliyekuja kukaa nasi, na hatukumlaumu mtu, maana hata sisi tusingetoka.

Mimi nilikuwa fundi wa cherehani kwenye baraza la duka moja karibu na soko. Nilisoma mpaka darasa la sita. Si mtu wa kusema sana. Niliona mke wangu anapungua, nguo zake nikazibana mara mbili kwa cherehani yangu, lakini sikupata neno la kumwambia.

Siku moja aliniletea chakula kazini, mvua ikatushika. Tukakimbilia malewa, kibanda cha mbao na turubai ambapo mama mmoja aliwapikia wachukuzi wa mizigo. Tuliona haya kukaa pale bila kununua kitu, tukaomba sahani moja. Nilifikiri ni yangu. Mke wangu akaivuta, akala maharage yote na bukari yote, akalamba vidole. Kisha akaangalia mvua. Niliogopa kwamba nikisema ataacha.

Tangu siku ile tukawa tunakula nje. Mama wa malewa alikuwa na mdomo.

"Ah, bwana na bibi bamerudia! Kwenu moto ilizimika?"

"Moto iko," mke wangu akajibu.

"Basi ni mafiga ndiyo ilikimbia vita?"

Wachukuzi wakacheka. Mmoja akaniambia, "Ndugu, miye niko nakula hapa juu sina bibi. Weye uko na bibi muzima, unatafuta nini hapa? Unipatie yeye anipikie!"

"Nitakupikia," mke wangu akamwambia, "lakini utakula peke yako."

Wakacheka tena. Mimi niliinamia sahani.

Jumapili moja baada ya misa tulijaribu hoteli yenye vitambaa mezani. Mhudumu alipouliza tunataka nini, sauti yangu haikutoka. Nikaonyesha kwa kidole meza ya jirani, walipokaa maofisa wawili wa jeshi. Akatuletea kama chao: samaki mzima wa ziwani, na uma na kisu. Nilikishika kisu kama ninavyoshika mkasi, samaki akateleza akaanguka kwenye kitambaa.

"Petit," ofisa mmoja akaniita kama mtoto, "ile samaki ilikwisha kufa. Usiiue tena."

Mke wangu aliweka mkono mdomoni. Sijui kama alicheka. Kisha akamrudisha samaki kwenye sahani kwa vidole na kumla, kichwa na macho, akabakiza miiba. Tulirudi nyumbani katika ukungu. Jioni alipika, na hakula.

Ikawa hivyo. Nje anakula, ndani hali. Siku ambazo mji ulifungwa na malewa hayakufunguliwa, alikaa na njaa mpaka tulipotoka tena. Mara moja zilipita siku tatu. Siku ya tatu alishindwa kuinua ndoo ya maji. Nikaibeba mimi, majirani wakaona.

Ndipo nikamwambia, "Twende Beni. Wiki moja."

"Kufanya nini?"

"Bure tu. Kupumzika."

Akafikiri. "Kama bazungu?"

"Kama banafunzi. Banapata vakansi."

Hatukujua vakansi inapangwaje. Nilichukua daftari la vipimo vya wateja, nikaandika siku moja moja, polepole, kama ninavyoandika kila kitu. Jumatatu kulala mpaka jua lipande. Jumanne kwenda kuona ndege zinatua. Jumatano kuona mashamba ya kakao. Mke wangu hakujali ndege. Kila siku niliyoandika aliuliza, "Na tutakula nini?" Nikamrudishia swali, naye akajibu: ndizi za kukaanga, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese, mbuzi. Niliandika vyote. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kumsikia akitaja chakula cha kesho. Mimi nilikuwa na hesabu yangu ambayo sikumwambia: kule tutalala katika nyumba ya mtu, nyumba yenye jiko. Akila pale ndani, labda ataweza kula kwetu.

Mama wa malewa alikuwa na mdogo wake Beni, mjane, mwenye chumba cha wageni. "Mwende kwake," akasema. "Anapika muzuri kunipita, lakini musimwambie."

Wakati ule hukuweza kusafiri bila karatasi ya njia. Kila mtu alijua kuna mambo mawili ya kuandika penye sababu ya safari: biashara au ugonjwa. Mimi sikujua, kwa kuwa sikuwa nimesafiri, na sikumwuliza mtu. Ofisini karani alinisukumia karatasi nijaze mwenyewe. Penye sababu nikaandika: kupumzika. Karani alisoma, akaniangalia, akapiga muhuri.

Tulipanda lori la maharage. Njiani palikuwa na kizuizi, mwanzi uliolazwa barabarani na askari wawili. Karatasi za wengine zilirudishwa upesi. Ya kwetu askari aliisoma mara mbili.

"Petit, yaka," akaniita, nikashuka. "Kupumzika. Nani alikuchokesha?"

Nikaangalia buti zake.

"Batu banakufa, bengine balilala mu pori, weye unapumzika. Nani alikutuma kuangalia Beni?"

"Sema unaenda biashara!" abiria mmoja akapiga kelele kutoka juu ya magunia.

"Biashara gani? Sindano?" mwingine, aliyejua kazi yangu, akasema, na shofa akapiga honi.

Nilisimama. Askari alishaikunja karatasi kuitia mfukoni, na bila karatasi ile tungerudishwa Butembo, kama si pabaya zaidi. Mke wangu akashuka. Akasimama mbele ya askari, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Mutoto wetu alikufa. Tangu siku ile hapana naweza kula mu nyumba yetu. Bwana yangu ananipeleka kula kwingine. Ni ile tu."

Askari alimtazama, kisha akatazama gauni lake lililobanwa. Akatoa kalamu, akakata neno langu, akaandika juu yake: matanga. Aliandika polepole kunipita mimi.

"Muende," akasema. "Na ukiulizwa, petit, ujibu."

Beni palikuwa na joto na vumbi. Mjane alitupokea vizuri. Lakini mgeni hakulala mahali bila karatasi yake kuonwa na shefu wa mtaa, basi mjane akaipeleka. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hamukuniambia muko mu matanga," akasema. "Shefu anasema batu ya matanga hapana bapike, hapana bachote maji."

Kabla hatujaeleza, mkeka ulikuwa umetandikwa. Nilitaka kusema kwamba ni askari ndiye aliyeandika, kwamba sisi tuko vakansi, lakini jinsi ya kulianza jambo hilo sikuijua. Watu walikuja. Watu wa mtaa ule, ambao hatukuwajua, wakatoka mashambani, kwenye miguu na majembe yao bado kuna udongo. Mama mmoja alileta sombe, mwingine ndizi, mwingine bukari imefunikwa kwa majani. Waliketi. Mmoja akauliza, "Alikuwa mukubwa ao mutoto?"

"Mutoto," mke wangu akasema.

"Alikuwa anatembea?"

"Alikuwa anakaa. Anajaribu kusimama, anashika chungu."

Wakasema, "Yoo." Wakangoja aendelee. Naye akaendelea. Alisema mambo ambayo mimi, baba yake, sikuyajua: kwamba mtoto alipenda moshi, kwamba alicheka chungu kikichemka. Siku ya kwanza aliongea hakula. Siku ya pili alilia, kilio kirefu, na mama mmoja alipotaka kumnyamazisha mjane akasema, "Muache alie. Hapana alilia kwao." Mimi nilikaa upande wa wanaume. Nilikula kila nilichopewa. Nilijisikiliza nione kama nitalia, sikusikia kitu, nikaongeza ndizi.

Hatukuona ndege wala kakao. Siku ya tatu shefu mwenyewe alikuja, akasema matanga yafungwe, watu warudi mashambani, na mwenye msiba aseme neno. Wakageuka wote kunitazama. Nilisimama. Kuku alipita katikati ya mkeka.

"Aksanti kwa chakula," nikasema.

Wakangoja, wakaona ndiyo yote. Mzee mmoja akaitikia, "Aksanti na kwako, mwanetu," wengine wakafuata, wakachukua vyombo vyao na kwenda.

Mjane aliwasindikiza hadi barabarani. Nilikunja mkeka, nikamtafuta mke wangu, sikumkuta chumbani. Nikasikia kijiko kinakwaruza. Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikasimama kabla ya mlango wa jiko. Alikuwa ndani, amechuchumaa karibu na mafiga ambayo bado yalikuwa na moto, chungu cha bukari kati ya magoti. Alikuwa anakwangua ukoko ulioungua na kuula. Aliniona.

"Hii ingine ni yako," akasema, akanisogezea chungu.

Nikaingia, nikachuchumaa.