Machungwa ya Cucu Wamboi

Mimi na Mutheu tumekaa bega kwa bega kando ya barabara hapa Ruiru miaka minane, mimi na chai yangu, yeye na miche yake, na nakuambia mama huyo haongei sana lakini mikono yake ina akili. Alizaliwa Gatuanyaga kwenye vumbi, akaolewa na Kinuthia wa Kinangop, kule baridi ya alfajiri inaunguza majani ya viazi. Watu wakamwambia chungwa halimei Kinangop. Wapi! Akatafuta mti wa ukoo wa ndimu wenye miiba na majani matatu-matatu, usioogopa baridi. Huo anaufanya mizizi, halafu juu yake anaunganisha kijiti cha chenza chotara na kukifunga kwa nailoni. Miti miwili inakuwa mmoja.

Mche wa kwanza alimpelekea mama mkwe wake, Cucu Wamboi. Cucu alitaka mwanawe aoe mwalimu, si mtu wa kuchezea vijiti. Akaupokea, akaupanda nyuma ya zizi, na kila Krismasi Mutheu akiuliza, anaambiwa mti hauchunguliwi kabla haujazaa. Kitalu cha Mutheu hapa Ruiru, Cucu hakukikanyaga hata siku moja.

Sasa Jumamosi iliyopita namwona Cucu anashuka kwenye boda na kiondo, kitambaa cha kanisa kichwani, anatabasamu! Akawatangazia wateja, "Huyu ni binti yangu. Ameniotesha machungwa kwenye baridi!" Machozi yakamlengalenga Mutheu. Hilo neno, binti, alikuwa amelingoja tangu harusi, na mimi pia nikajisikia kulia.

"Sijaonja hata moja," Cucu akasema. "Malimbuko huonjwa kwanza na aliyetupa mti. Kula, Mutheu."

Akatoa tunda dogo la manjano, lenye vinyweleo. Mimi sijui miti, lakini uso wa Mutheu naujua. Akauliza polepole, "Cucu, majani yake ni matatu-matatu?"

"Ndiyo! Baridi ya mwaka wa kwanza iliua kile kijiti dhaifu cha juu. Lakini chini kukachipuka kitu chenye nguvu, nikakipalilia. Mtu wa Mungu hakati kinachochipuka."

Ngai! Chenza ilikufa zamani, na Cucu miaka hii yote alikuwa analea mizizi.

Mutheu angeweza kusema ni tamu. Mimi ningesema, haki ya Mungu, tena ningeomba lingine! Wateja wanatazama, na ubinti wenyewe umepatikana dakika tano zilizopita. Akamenya, akala. Alikula lote, kisha akasema, "Cucu, ni chungu. Halifai kuliwa. Nimelimaliza kwa sababu ni lako. Kosa ni langu, sikukuambia uufunike mche na gunia."

Cucu akachukua moja, akauma, akatemea viatu vya mteja. "Haiya! Hii ni dawa ya malaria!" Sisi tukacheka. Yeye hakucheka. Akaketi kwenye benchi langu, akasema akifika nyumbani anaukata.

"Usikate!" Mutheu akapasua tunda lingine, ndani mbegu tele. "Hizi huwa nazitafuta mpaka nachoka. Kila mbegu itakuwa mizizi ya mche mmoja wa baridi. Na mti wako nitakuja niuunganishe upya, wewe ukinishikia nailoni."

Cucu akazichota zile mbegu kiganjani. "Ungenidanganya, kesho ningeligawia kanisa zima matunda haya."

"Najua, Cucu."

"Na maharagwe yangu ya njahi, yale ninayokupikia kila Krismasi? Miaka minane unasema ni tamu."

Mutheu akaangalia chini. Nikamfinya anyamaze, hakunyamaza. "Chumvi, Cucu. Ni nyingi sana."

Cucu akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka. "Basi Krismasi hii," akasema akipangusa macho, "chumvi utatia wewe, binti yangu."