Kamba Sita kwenye Gunia la Unga

Siku ile tulikuwa saba mbele ya kibanda cha baba: mimi, niliyekuwa na miaka kumi na sita, dada yangu anayenifuata, wadogo zetu wawili wa kiume, mmoja akiwa bado wa kubebwa, baba mkubwa kutoka Bokoli, shangazi kutoka Matulo, na mama jirani, mjane aliyewapikia watu muda wote wa msiba. Baba tulikuwa tumemzika jana yake. Mama alikuwa ametangulia.

Baba mkubwa hakuketi. "Msichana ataenda na shangazi yake. Hawa wadogo nitawachukua mimi. Wewe kijana, baki hapa na kazi."

Nikasema nitakaa nao wote. Mzungu mwenye shamba, huko nje ya Kitale, alikuwa amekubali nishike jembe la baba. Shule nilikuwa nimeiacha tangu mama alipougua.

"Na utawalisha nini?" shangazi akauliza. "Maneno?"

"Posho."

Baba mkubwa akanigeukia. "Haya. Mpaka mahindi yavunwe. Lakini siku nitakayosikia umeomba unga, hata kikombe kimoja, nakuja kuwachukua. Na wewe mama jirani, usimpe. Nitafika kuangalia bila kutuma salamu."

Tangu saa hiyo nilianza kuogopa gunia. Posho, yaani unga wa shamba, iligawiwa Jumamosi, na ilikuwa ya mfanyakazi mmoja. Tuliiongezea unga kidogo tulionunua kwa pesa alizoacha baba, nao ulitakiwa ufike Jumamosi nyingine. Mshahara ungekuja tikiti ya kuandikia siku za kazi ikishajaa siku thelathini, na mimi nilikuwa na siku tatu tu.

Jumamosi hiyo nililining'iniza gunia kwenye boriti, nikalifunga kamba sita za katani kuanzia juu kwenda chini, nafasi sawasawa. Kila jioni unga usishuke chini ya kamba ya siku hiyo. Kamba ya kwanza ilikuwa ya Jumapili. Chini ya kamba ya sita, ile ya Ijumaa, kulikuwa na unga wa asubuhi ya Jumamosi. Nilijiona mtu mwenye akili sana.

Jumapili jioni nilipapasa gunia kwa nje. Unga ulikuwa umefika kamba ya Jumatatu.

Siku nzima ilikuwa imepotea, na aliyekuwa akichota unga ni dada yangu peke yake. Nilimwita nje.

"Umempa nani unga?"

"Sijampa mtu."

"Basi umekula."

"Kaka, ningeula mbichi? Nitazame mdomo."

Sikumtazama mdomo. Nilikuwa namwona baba mkubwa akishuka njia ya kambi ya wafanyakazi na fimbo yake, shangazi nyuma akiwa ameleta kamba ya kufungia mzigo wa dada. Nikaamua kuurudisha unga mahali pake. Jumatatu jioni niligawa ugali mafungu matatu badala ya manne. Jumanne pia. Dada alipika, akapakua, akatoka kwenda kukaa kwenye jiwe la kufulia mpaka tulipomaliza. Hakulia. Mdogo wetu alimfuata na tonge mkononi, nami nikamrudisha ndani.

Jumatano mama jirani alikuja mlangoni. "Msichana wako anatembea akishika ukuta. Anaumwa?"

Nilimweleza, kwa sauti ndogo, nikiogopa asije akadhani naomba.

"Ulizifunga hizo kamba lini?"

"Jumamosi, unga ulipotoka kwenye mashine ya kusagia."

"Uliugongagonga kwanza?"

"Hapana."

Akachukua bakuli letu, akachota unga pole pole mpaka ukajaa pomoni, akaligonga mara tatu kwenye jiwe la jiko. Unga ukashuka kiasi cha kidole kizima. Hakuna chembe iliyomwagika.

"Unga wa mashine hukaa chini wenyewe, bana," akasema. "Huyo mwizi wako ni upepo."

Jumamosi iliyofuata nililigonga gunia kwanza, ndipo nikafunga kamba, na kila siku dada alichota kwa bakuli lile lile. Unga ulishuka kamba kwa kamba. Mshahara ulipokuja tuliugawa hivyo hivyo kabla ya kutoka nao nyumbani: chumvi, sabuni, kodi, na senti za kuongezea posho. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nililala bila kuamka kupapasa gunia.

Baba mkubwa alifika Jumapili moja tukiwa tunakula. Alizizunguka zile kamba.

"Huu ni uchawi gani?"

"Hiyo ni Jumatatu," mdogo wangu akamwonyesha. "Hiyo Jumanne. Usiiguse."

Alikula, akanawa, akaondoka. Hakurudi kumchukua mtu.

Dada sasa ana mji wake, nyumba na shamba, karibu na Misikhu. Kila nikienda humpelekea debe la unga, na kila mara hulipokea kwa mikono miwili, hulitua, hulitazama.

"Asante, kaka. Huu ni wa leo," husema. "Ule wa Jumatatu na wa Jumanne bado nakudai."

Hucheka akisema hivyo. Mimi bado sijaweza kucheka.