Kikohozi Katika Kanda ya Iyula

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya sauti ya chuo kikuu, Mkuu wa Maabara alinivisha vifaa vya masikioni.

"Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Profesa. Kelele tu zinavuma."

"Hizo kelele ndiyo kazi yako."

Nilitoka Isongole nikijua kutengeneza redio. Pale nikajifunza kuhamishia kanda za zamani za nyimbo kwenye kompyuta na kusoma picha ya sauti: uimbaji huonekana kama mistari iliyolala, kikohozi kama mwiba uliosimama. Miiba tuliifuta, lakini kwenye nakala tu. Kanda yenyewe ilirudi kabatini.

Kompyuta za kubeba zilipofika, Mkuu aliamua nyimbo zirudi kwa wenyewe. Tukaenda Iyula na nyimbo za mavuno ya kahawa zilizorekodiwa huko zamani. Watu waliitikia, wazee wakatajana majina. Kisha mjane mmoja, Mama Neema, akauliza, "Baba Neema mmempeleka wapi?"

"Alikuwa mwimbaji, mama?" Mkuu aliuliza.

"Aimbe wapi, na sauti ile ya beberu! Alishika taa karibu na mashine yenu, akakohoa mpaka wenzake wakamzomea."

Watu wakacheka. Binti yake, Neema, hakucheka. Baba yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Neema alikuwa amefunga kibanda chake cha vitenge Tunduma ili aje kumsikia kwa mara ya kwanza.

Mkuu alinigeukia. "Kanda ipo?"

"Ipo, kama ukungu haujaila."

Ulikuwa umeanza. Nilirudi Dar es Salaam, nikaipangusa kanda ukungu taratibu kwa pamba, pande zote mbili, nikihofia isikatike. Safari hii sikufuta mwiba wowote.

"Peleka mwenyewe," Mkuu alisema. "Na usiharakishe kuondoka."

Sebuleni kwa Mama Neema, beti mbili zilipita. Kikaja kikohozi, kirefu, cha kifua. Kisha sauti nzito ambayo tuliifuta pamoja nacho: "Samahanini, jamani. Endeleeni."

"Ndiye huyo," mama alisema, akajifunika uso kwa khanga.

Neema alisogeza kiti karibu na spika. "Rudisha, kaka. Hapo hapo."

Nilirudisha mpaka chai ikapoa.

Miaka mingi baadaye, siku yangu ya kustaafu, nilikabidhi funguo za kabati la kanda. Vijana walivua vifaa vya masikioni, wakasimama kusubiri hotuba. Nilikuwa nimeiandaa, lakini niliiacha karatasi mfukoni.

"Samahanini, jamani," nikasema. "Endeleeni."