Moyo wa Mangateen

Teresina hupika maharage na kisra, ile mikate myembamba ya mtama, pale soko la Custom, na watu humjua kwa mkono wake na mdomo wake. Mkono hupima chumvi. Mdomo haujawahi kupima kitu. Alikulia ukimbizini Uganda, akarudi Juba na sufuria zake na Kiswahili cha kule, kile kisichosumbuliwa na ngeli. Kwa Waganda wanaomletea nyanya kinatosha. Hadi leo hakuna nyanya iliyolalamika.

Mwaka huu akaambiwa kwamba yeye ni asasi ya kiraia. Hakuomba. Wanawake wa Mangateen, mtaa anakoishi, walikuwa na chama cha kuzikana na kusutana, wakamfanya mwenyekiti kwa kuwa sauti yake haihitaji kipaza sauti. Kisha pampu ya kisima chao ikafa. Hapo ndipo Ayen, binti aliyelelewa Nakuru na sasa yuko kwenye shirika moja lenye kiyoyozi, akaja mbio.

"Mathe, kuna kongamano. Mazungumzo ya kanda za dunia: Afrika, Ulaya, Amerika ya Kusini. Wageni watachagua mradi mmoja wa hapa wausaidie. Ukiongea poa, pampu imepona."

"Nitaongea lugha gani?"

"Kiswahili. Kuna mkalimani ametoka Mombasa."

"Mombasa! Basi huyo ndugu. Kiswahili iko yangu pia."

Ukumbi wa hoteli ulikuwa na baridi ya kuhifadhia samaki. Wajumbe walikaa na vitambulisho shingoni kama mbuzi wa mnada, kila mmoja na chupa yake ya maji. Asubuhi nzima walibishana kama majadiliano yawe jumuishi kwanza ndipo yawe endelevu, au kinyume chake. Zamu ya Teresina ilipofika, akaanza kama mtu mwenye adabu: akamsalimu mwenyekiti, akamsalimu askofu, akasalimu wageni, wazazi wa wageni, na wapishi wa hoteli. Alipomaliza kuamkua, msimamizi alikuwa anagonga glasi. Muda umekwisha.

Teresina akapagawa. Mtu akipagawa hukimbilia lugha ya nyumbani, na yake ni Kiarabu cha Juba, ambamo maji ni *moyo* na hakuna ni *mafi*.

"Mangateen moyo mafi!" akapaza sauti. "Moyo mafi kulu kulu!"

Ndani ya kibanda cha ukalimani, Bwana Athmani wa Mombasa alimeza mate. Kwao mafi ni kitu ambacho mtoto akikifanya mbele ya wageni huondolewa upesi. Lakini mtu yule alilelewa vyema. Akavuta pumzi, akatafsiri kwa staha: huko Mangateen, mioyo ya watu imechafuka. Imechafuka kabisa.

Mjumbe mmoja wa Ulaya akavua miwani, akapangusa macho. Kisha makofi, na Teresina akawa anainama huku na huku kama bibi harusi, pampu tayari anaiona inatema.

Baada ya chakula cha mchana likasomwa tamko. Mangateen imeshinda! Kanda tatu zitashirikiana kuleta washauri nasaha, waisafishe mioyo ya wakazi mwaka mzima.

"Wasafishe nini?" Teresina akamgeukia Ayen.

Ayen alikuwa amelaza kichwa mezani, mabega yanatikisika kwa kicheko. "Mioyo, mathe. Walisikia moyo, ile ya Kiswahili."

"Na mafi?"

Ayen akamnong'oneza sikioni. Teresina akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Nimesema hivyo mbele ya askofu?"

Akasimama. Hakuomba nafasi. Akapita meza hadi meza akitia chupa za maji ndani ya kitenge chake. Mjumbe wa Ulaya alikuwa katikati ya funda, na yake ikaenda. Akazibwaga zote jukwaani, akainua moja.

"Hii, Juba sisi naita moyo." Akaonyesha meza tupu. "Na pale sasa iko mafi. Mangateen iko hivyo. Pampu imekufa! Roho zetu nzima. Sufuria ndiyo chafu."

Bwana Athmani alicheka hadi akashindwa kutafsiri, Ayen akamalizia. Na hapo mama mmoja wa Bolivia, Eulalia, aliyesinzia macho wazi tangu asubuhi, akaruka kutoka kitini. Kumbe kwao mlimani ndiye anayeongoza kamati ya maji ya mtaa. Nini kimekatika? Nani anashika ufunguo wa kisima? Wakaanza kuulizana kwa Kihispania, kwa Kiarabu, kwa vidole. Msimamizi akagonga glasi, hakuna aliyegeuka. Washauri nasaha wakafutwa kwenye tamko, wakaandikwa fundi na vipuri.

Fundi alipomaliza kazi Mangateen, pampu ilikohoa kutu, ikatema matope, kisha ikatoa maji meupe. Eulalia, aliyekuja kujionea, mkono juu ya mpini, akaeleza kupitia kwa Ayen kwamba kwao mwenyekiti huteka wa mwisho, awe mfano kwa wengine.

"Desturi nzuri sana," Teresina akasema, akisukuma jerikeni lake mbele ya foleni. "Mwambie aende nayo salama Bolivia."