Mwendo Usioombwa

Chumba alichofanyia kazi Fundi Kishindo hakikuwa na dirisha. Kuta zake zilivikwa mazulia mpaka darini, mlango ulikuwa mzito kama wa jokofu la bucha, na taa nyekundu ikishawaka juu yake haukufunguka mpaka aliye nje apende. Ndani hakuruhusiwa kuvaa saa kwa kuwa saa hugonga, wala shati lililotiwa wanga kwa kuwa hukwaruza, wala kula maharage siku ya kazi, kwa sababu ambazo kila mtu anazijua. Alikuwa na miaka sitini na tisa. Kila asubuhi aliingia humo kwa miguu yake mwenyewe, akasikia mlango ukijifunga nyuma yake, akabaki na pumzi zake.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza milio. Miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi wa milio wa michezo ya redio, enzi ambazo mtu alizima jiko ili asikilize vizuri. Mvua ilikuwa mchele juu ya sinia. Mfupa uliovunjika ulikuwa karoti. Moto ulikuwa karatasi za peremende zikifinywa mbele ya maikrofoni. Lakini jina la Kishindo alilipata kwa nyayo, maana hakuna aliyemfikia kwa kutembea. Akitembea mlevi, wasikilizaji walinusa pombe.

Mkuu wa michezo wa wakati ule, mzee mkali aliyefunga tai hata siku za joto, alikuwa na sharti moja asilolegeza. Kila mtu wa mchezoni awe na mwendo wake, mwendo huo utoke kwa mtu aliye hai, na mtu huyo aendewe na aombwe. Fundi aliwahi kumwendea mpeleka barua wa mtaani kwao, akavua kofia, akamwambia naomba uniazime mwendo wako Jumatano jioni. Yule bwana akacheka mpaka baiskeli ikamponyoka, kisha akauliza atarudishiwa lini. Jumatano ile yeye na wanawe walikaa mbele ya redio kama watu wanaopigwa picha. Mchezo ulirushwa moja kwa moja, nyayo zikasikika, zikaisha hewani. Alhamisi mpeleka barua alikuwa na mwendo wake kamili, hakupungukiwa hata hatua.

Ndivyo ilivyokuwa. Kisha redio ikafuta michezo, ikaweka watu wawili wanaocheka vichekesho vyao wenyewe tangu asubuhi hadi mchana, na Fundi akarudishwa nyumbani na sanduku lake la viatu chakavu. Alikaa miaka sita akisikiliza bomba likidondoka. Ndipo alipoitwa na kampuni ya katuni, akaenda mbio, kama anavyokwenda mtu yeyote aliyesahauliwa anapoitwa.

Walikuwa wakitengeneza kipindi maalumu cha Krismasi cha televisheni, katuni yenye nyimbo saba. Bibi kizee anavuka kijiji kilichozikwa na theluji, taa mkononi, kumfuata mtoto aliyeachwa na treni siku ya sikukuu; na kila nyumba anayoipita, watu wanatoka na kumfuata wakiimba. Fundi hakuwahi kukanyaga theluji maishani, lakini alijua inavyolia. Unajaza wanga mkavu kwenye mfuko wa ngozi, unaukanyaga taratibu, nao unaguna vilevile.

Aliyekaa upande wa pili wa kioo alikuwa msimamizi, kijana wa miaka thelathini hivi ambaye kila mkutano aliufungua kwa kusema sisi hapa ni familia. Wafanyakazi wakambandika jina hilo, Familia, wakamwita hivyo akiwa hayupo. Siku ya nyayo za bibi kizee alimkatalia Fundi mara tatu.

"Mzee wangu," alisema kwenye spika, "huyo si bibi. Huyo ni babu aliyevaa gauni."

Fundi akabadilisha viatu, akajaribu tena. Hapana. Akapunguza uzito, akaongeza kuchoka. Hapana, mzee wangu, huyo hana maisha. Chumba kilikuwa kimeshika joto, jasho linamwingia machoni, taa nyekundu inawaka, na mlango ni ule usiofunguka. Mtu aliyefungiwa hufanya lolote ili afunguliwe. Akafumba macho, na mguu wenyewe ukafanya. Wa kulia ukatua wote, mzito, kama mtu anayeweka ndoo chini. Wa kushoto ukachelewa kidogo, ukaja ukiburuza ncha yake. Ta, shwaa. Ta, shwaa. Hatua nane juu ya wanga.

Familia alikuwa amesimama nyuma ya kioo. "Huyo," alisema, kwa sauti ya chini. "Huyo nampenda."

Mlango ukafunguliwa, hewa ikaingia, na hapo ndipo Fundi alipojua alichokifanya. Ule ulikuwa mwendo wa mkewe.

Mkewe alikuwa mkunga. Zamani alitembea kwa kasi, wasichana wa wodini wakimkimbilia nyuma, na Fundi alimpenda kwa masikio kabla hajamwona sura, siku aliyokuwa amelazwa na kusikia nyayo zile zikipita barazani. Miaka ishirini iliyopita aliteleza kwenye sakafu iliyokuwa imepigwa deki, nyonga ikavunjika, ikaungwa vibaya, na mguu mmoja ukawa mfupi. Watoto wa mtaani waliwahi kumfuata wakimwigiza. Alirudi nyumbani siku ile, akapika, akapakua kama siku zote. Tangu hapo nyumba ile ilikuwa na mapatano ambayo hakuna aliyeyatamka: mguu hautajwi. Fundi hakuwahi kumwambia pole kwa ajili yake, wala kumpunguzia mwendo njiani kwa namna ya kuonekana. Alichelewesha hatua zake kama mtu anayetazama maduka. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake kwa mkewe, miaka ishirini, na aliiuza kwa pumzi ya hewa.

Kipindi kilikuwa kirushwe baada ya siku tisa. Mkewe angekitazama, alishawaambia majirani wote kwamba mzee karudi kazini.

Kesho yake Fundi alikwenda mapema akaomba zile hatua nane zifutwe, atatoa nyingine bora. Familia hakukasirika. Watu wa siku hizi hawakasiriki, wanakuonyesha tu kompyuta. Alimkalisha kitini, akamvika vipokea sauti masikioni, akamwekea wimbo mkuu. Hatua za mkewe zilikuwa zimekatwa, zikapangwa mstari kama shanga, na ngoma, zeze na sauti za watoto arobaini zote zilikuwa zimejengwa juu yake. Ta, shwaa. Ta, shwaa. Kijiji kizima kilichechemea kwa furaha kwenye theluji. Na ulikuwa wimbo mzuri, hilo ndilo lililomuumiza. Alijikuta mguu wake chini ya meza unaufuata.

"Ukiitoa hiyo, mzee wangu, hakuna wimbo," Familia alisema. "Na ukitoa wimbo hakuna kipindi."

Fundi akamwambia ni mwendo wa mtu. Kijana akasema ndiyo maana una uhai. Fundi akamwambia mtu huyo hakuombwa. Kijana akamtazama kama anayeambiwa kwamba mvua nayo iliombwa kabla ya kunyesha, akamkumbusha karatasi aliyotia sahihi: sauti zote atakazotoa chumbani mle ni mali ya kampuni, milele na kokote. Fundi alikuwa ameuliza siku ya kutia sahihi kokote ni wapi, wakacheka, wakamwambia hata mwezini. Sasa zile hatua zilikuwa zimeshawekwa kwenye hazina ya milio, na mwenye katuni ya bata mlevi nchi nyingine angeweza kuzichukua akamtembezea bata.

Ilibaki njia moja, ile ya mkuu wa michezo wa zamani: kumwendea mwenye mwendo na kumwomba. Kuomba baada ya kuchukua si kuomba, lakini ni afadhali kuliko aje kujisikia mwenyewe kwenye televisheni. Fundi alikuwa na siku nane.

Jumatatu mkewe alimletea chai. Ta, shwaa, mpaka mezani.

"Mama watoto," alianza.

"Naam."

Akatazama kikombe. "Chai imekolea."

"Miaka arobaini unainywa, leo ndiyo umeigundua?"

Jumanne alijaribu wakichambua mchele, mkewe akaanza kumsimulia habari za mama mmoja aliyemzalisha zamani, na nafasi ikapita. Jumatano alisema kichwa kinamuuma. Kufikia Ijumaa alikuwa anaondoka nyumbani kabla mkewe hajaamka, kwa kuwa hakuweza tena kuusikia mguu ule kwa amani. Na kule kazini nako walikuwa wakiupiga ule wimbo toka spika zote, wanaurekebisha hapa na pale. Akitoka huku anaukuta kule. Siku nane zikaisha mikononi mwake kama sabuni.

Alasiri ya kipindi chenyewe, kabla wageni hawajafika, alipitisha mkono nyuma ya televisheni akalegeza waya. Mjukuu wake wa kike wa miaka tisa, aliyekuja na mama yake, aliona theluji ya aina nyingine, chenga tupu, kwenye kioo cha televisheni, akainama, akaukaza kwa vidole viwili.

"Mume wangu umezeeka," alimwambia babu yake. "Waya tu unakushinda."

Mkewe alikuwa amevaa gauni la kutokea. Alikaa kwenye kochi, mikono juu ya mapaja, akamwambia mjukuu anyamaze asikie kazi ya babu. Mlango wa katuni ulipofunguka alisema huo mlio ni wa babu. Upepo ulipovuma akasema na huo pia. Alikuwa akijivuna. Kisha bibi kizee akachukua taa, akatoka nje, akakanyaga theluji.

Fundi hakutazama televisheni. Alitazama mikono ya mkewe. Kwenye hatua ya kwanza mikono haikutikisika. Kwenye ya pili haikutikisika. Kwenye ya tatu vidole vikashika kitambaa cha gauni, vikakishika hivyo hivyo mpaka wimbo ulipoisha.

Mtoto ndiye aliyesema. "Mke mwenzangu, huyo anatembea kama wewe." Alisema kwa furaha tupu, akaruka katikati ya sebule, akaanza kuufuata wimbo akichechemea, ta, shwaa, akizunguka meza, na mama yake akamshika mkono amkalishe lakini bibi akasema mwacheni. Akapiga makofi kumfuatia. Mtoto akamvuta bibi yake acheze naye.

"Leo miguu yangu iko kwenye televisheni," bibi alisema. "Mimi nimebaki na kochi tu."

Wakacheka wote, na Fundi akacheka pia.

Wageni walipoondoka, jua lilikuwa bado dirishani. Mkewe hakuinuka kuondoa vikombe. Alikaa palepale, akauliza, kwa sauti ya kuuliza bei ya kitu asichotaka kununua, "Ulifanya mara ngapi mpaka ikatoka?"

Angeweza kumdanganya. "Mara moja," alisema.

"Mara moja." Mkewe akatikisa kichwa polepole. "Miaka yote hii nilidhani huusikii. Nikawa natembea humu ndani kama mtu mwenye miguu mizima. Kumbe ulikuwa unaniandika."

Fundi alianza kueleza habari za chumba, joto, mlango, taa nyekundu. Aliyaona maneno yake mwenyewe yakitoka yakiwa mepesi kama pumba. Mkewe alimwacha amalize.

"Ungeniomba," alisema. "Ningekupa. Ningetembea mbele yako mpaka utosheke."

Akafumba macho kana kwamba analala, na ndiyo mazungumzo ya mwisho waliyofanya kuhusu jambo hilo. Hakumnunia. Hakuhamia kwa binti yake, kama Fundi alivyoogopa na wakati mwingine alivyotamani. Alizungumza naye, alimtania, alimuuliza kama amekunywa dawa. Ila hakutembea tena akiwepo Fundi. Asubuhi Fundi alimkuta ameshakaa kitini. Akitaka maji alisema nisogezee maji. Akitaka kwenda chooni alimtuma Fundi dukani, na Fundi alikwenda, kila mara, hata kama kitu alichotumwa kilikuwa kabatini.

Dukani nako wimbo ulikuwepo. Ulikuwa kwenye simu ya muuza dawa, kwenye gari la matangazo, vinywani mwa watoto waliocheza rede kwa mdundo wake. Sikukuu ikapita na wimbo haukupita. Zamani wimbo wa Krismasi ulijua kwenda zake.

Kampuni haikumwita tena. Ilikuwa na milio yake yote, hazina imejaa. Fundi mwenyewe wa nini? Kwa hiyo yuko nyumbani mchana kutwa, na mkewe yuko kitini mchana kutwa, na nyonga ambayo daktari alisema ifanyishwe kazi imeanza kukakamaa.

Basi amejifunza kutoka. Kila siku baada ya chakula husema anakwenda kunyoosha miguu, huzunguka mtaa mara mbili, kisha hurudi kwa viatu vya raba, bila kishindo, kazi aliyoisomea. Husimama nje ya mlango wake, ufunguo mfukoni. Ndani mkewe anatembea. Anatoka jikoni kwenda dirishani, anarudi, anafungua kabati, anaimba kidogo wimbo wa zamani wa wodini. Ta, shwaa. Ta, shwaa. Fundi husikiliza mpaka atosheke, na hatosheki.

Kuna wiki aliyojaribu kuingia moja kwa moja. Ufunguo ukagusa kitasa, nyayo zikakatika, kiti kikalia. Sasa haingii hivyo. Anarudi nyuma hatua tatu, anazikanyaga kwa nguvu zisikike, na kwenye mlango wa nyumba aliyoijenga mwenyewe anasimama kama mgeni.

"Hodi," anasema.

Nyayo zinanyamaza. Anasikia bomba likidondoka, moja, mbili, tatu. Kisha kiti kinalia, na kutoka kitini sauti inamjibu, "Karibu."