Mama Futa na Sauti ya Saa Tisa

Saa tatu asubuhi, Mama Futa amepiga magoti mbele ya meza, kichwa na mabega yamezama mvunguni. Anapuliza vumbi kwa kinywa, analisukuma kwa brashi ya rangi iliyokatwa mpini, kisha anaegesha sikio kwenye ubavu wa kompyuta kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa.

"Tik, tik, tik," anaiga. "Umesikia? Diski hii inaaga."

Nyuma yake, kwenye kiti cha mbao chenye mto, amekaa bibi mzee wa nyumba hii, mikono mapajani. Macho yake yana ukungu. Hugeuza uso kufuata sauti, si kufuata mtu.

"Utamaliza kabla ya saa tisa?" anauliza.

"Kazi hii ni ya siku mbili, mama."

"Basi ikifika saa tisa, iache kidogo," anasema bibi kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipa nauli.

Mama Futa anatoka mvunguni, anatazama kiti kile, anapandisha mabega na kuendelea na kazi.

Ana miaka arobaini na saba. Zamani alikuwa mpiga chapa katika ofisi iliyofungwa, akaondoka na ujuzi wa vidole kumi na barua ya shukrani. Binamu yake alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na kompyuta; akaenda kukaa naye kwa wiki moja ili asikae bure, ikawa miaka mitatu. Sasa ni mwaka wa kumi na nne anatembea nyumba kwa nyumba na begi lake mgongoni, akisafisha kompyuta zilizochoka. Kwa mwezi mzuri hupata mashine kumi na moja. Kwa mwezi mbaya, mbili.

Jina la Mama Futa alibandikwa na wateja, na halipendi. "Mimi sifuti, nasafisha," anasema. "Kufuta hata mtoto anaweza. Kazi ni kujua kisichofutwa."

Kazi anayoitiwa mara nyingi ni hii ya leo: kompyuta moja ya familia, watu kadhaa, kila mmoja na akaunti yake na nenosiri lake. Mashine imejaa virusi na takataka za miaka. Lazima kila kitu kiondolewe, mfumo uwekwe upya, lakini watu warudishiwe vyao.

"Ni kama kubomoa nyumba na kuijenga tena," anaeleza. "Halafu kila mtu akirudi akute kitanda chake pale pale, na mto wake una shimo la kichwa chake."

Kuna kosa moja analolibeba. Mwaka wake wa pili kazini alisafisha kompyuta ya mzee mmoja mjane. Aliuliza, "Nifute?" Mzee akajibu, "Futa." Hakuuliza kuna akaunti ngapi. Picha na barua zote za marehemu mkewe zilikuwa kwenye akaunti ya pili, zikaenda na maji.

"Hakunigombeza," anasema Mama Futa. "Angenigombeza ningepona. Alisema tu, 'Basi.' Akanifungulia mlango."

Tangu siku hiyo ana daftari. Kila mashine anayoigusa huandika majina ya akaunti zake zote, na kwa kila jina huuliza mwenye akaunti yuko wapi. Mpaka leo daftari lina akaunti mia moja arobaini na tatu za watu wasiokuwapo: waliofariki, waliohama, waliotoka wakasema wanarudi.

"Watu hufikiri makaburi yako nje ya mji," anasema. "Mengine yako sebuleni, yanaomba nenosiri."

Katika nyumba hii akaunti ni nne. Baba. Mama. Mdogo, ambaye yuko shuleni. Na ya nne, iliyoandikwa Malkia wa Nyumba.

"Huyu ni nani?" anauliza, kalamu mkononi.

Mama wa nyumba amepewa ruhusa kazini leo. Anajibu akiwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo kikizunguka na kuzunguka mkononi mwake. "Binti yetu wa kwanza. Alifariki miezi tisa iliyopita. Alikuwa na miaka kumi na tisa."

"Poleni sana. Nenosiri lake mnalijua?"

"Hakuna anayelijua."

Baba mwenye nyumba, fundi cherehani ambaye duka lake liko mtaa wa pili, ndiye aliyempigia Mama Futa simu. Amekuja mara moja kuangalia kazi, futi ya kupimia bado iko shingoni. Anasema haraka, bila kumtazama mkewe.

"Hiyo ya nne iondoe. Ndiyo inayosumbua. Mashine inawaka yenyewe."

"Inawaka yenyewe vipi, baba?"

"Inawaka. Hakuna mtu mezani, inawaka. Ndicho nilichokuitia."

"Mimi hujaniambia hilo," anasema mkewe.

"Ningekwambia nini?"

Bibi, kwenye kiti chake, anageuza uso upande wa mashine.

Mama Futa hakubishana. Aliwaambia kwamba siku ya kwanza hafuti cha mtu yeyote, ananakili tu. Aliunganisha diski ya nje, akaanza kuhamisha mafaili ya kila akaunti, moja baada ya nyingine, akiingilia kwa akaunti ya Baba, ambayo hufungua folda za wote bila nenosiri lao. Baba alirudi dukani. Kazi ilikwenda polepole, kwa sababu diski mbovu hutoa vitu kama mtu bahili. Adhuhuri ilipita. Jua lilihama kutoka dirishani, sebule ikapoa.

Saa nane na dakika hamsini bibi aliinuka. Alipapasa ukuta mpaka jikoni, akarudi na glasi ya maji na kikopo cha dawa. Akaviweka mezani karibu na kibodi, akaketi, akageuza uso kuelekea spika ndogo mbili zenye vumbi.

"Unasubiri nini, mama?" Mama Futa alimuuliza.

"Sisubiri. Nimekaa tu."

Saa tisa kamili spika zilikwaruza. Kisha sauti ya msichana, ya karibu, yenye kicheko kilichobanwa, ikasema:

"Bibi. Bibi wangu we. Saa tisa hiyo. Dawa mbili, na maji glasi nzima. Usinidanganye, nakuona."

"Haya, mwenzangu," alijibu bibi. Akameza dawa, akanywa maji yote, akaonyesha spika glasi tupu.

Jikoni kitu kilianguka na kuvunjika. Mama wa nyumba alitokea mlangoni akiwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Hakulia. Alitazama spika kama mtu anayetazama mlango ambao umegongwa.

"Kila siku?" alimuuliza mkwewe.

"Kila siku," alisema bibi. "Nyinyi huwa hampo, hata Jumapili."

Mama Futa anakiri kwamba alishtuka. "Miaka kumi na minne nimesikia kompyuta zikilia, zikipiga kelele. Sijawahi kusikia moja ikimwambia mtu 'nakuona.'"

Lakini fundi ni fundi. Mikono yake ilitafuta, na jibu halikuwa mbali. Binti yule, alipoanza kuugua, aliipa mashine ratiba: hata ikiwa imelala, iamke saa tisa na kucheza sauti yake, yeyote atakayekuwa anaitumia. Ndani ya akaunti ya Malkia wa Nyumba mlikuwa na folda inayoitwa Bibi. Ilikuwa na mafaili manane ya sauti. Saba yalikuwa na majina ya siku za wiki.

La nane liliitwa "Bibi akiuliza".

Ratiba haikuligusa hilo. Halikuwahi kuchezwa hata mara moja.

Baba aliporudi jioni na kuelezwa, bibi akiwa amekwisha kwenda kulala, alikaa bila kuvua viatu. Alikiri kwamba aliwahi kuisikia ile sauti, siku moja aliporudi mchana kuchukua mkasi. "Nilisimama hapo mlangoni nikasema, kama ni yeye, kwa nini haniiti mimi? Sikulala wiki nzima."

"Ukanificha," alisema mkewe.

"Nilitaka iishe bila wewe kuisikia."

"Mtoto wangu anaongea ndani ya nyumba yangu, wewe unataka iishe!"

Mama Futa alifunga begi lake. "Mimi ni mgeni, na mgeni hana neno," aliwaambia. "Lakini mashine hii haimalizi wiki. Kesho nafuta, nipende nisipende. Folda zote ninazo. Mtaniambia nirudishe nini."

Asubuhi ya pili, bibi akiwa bado chumbani kwake, walikuwa wamekubaliana nusu kwa nusu: akaunti ya binti ibaki, ratiba isirudi. Mama Futa aliuliza mara tatu, kila mara akisoma jina moja baada ya jingine kutoka kwenye daftari. Mara tatu wakasema ndiyo. Ndipo akabonyeza.

Aliweka diski mpya na mfumo mpya. Akafungua akaunti nne, akarudisha folda moja moja, hata picha ya paka mwenye miwani ambayo Mdogo aliiweka kwenye skrini yake. Saa nane na nusu mashine ilikuwa inaruka kama ndama.

Bibi alileta glasi na kikopo chake. Hakuna aliyekuwa amepata ujasiri wa kumwambia. Baba alikuwapo safari hii, amefunga duka.

Saa tisa ilifika. Spika zilinyamaza. Saa tisa na dakika tano. Na kumi. Bibi alikuwa ameegemeza sikio mbele, dawa mbili kiganjani zikianza kulowa jasho. Mtaani gari lilipita.

Saa tisa na robo alisema, polepole, "Yuko wapi leo?"

Mama Futa alishika kipanya. Alimtazama mama wa nyumba. Mama akaitikia kwa kichwa. Akamtazama baba. Baba alifumba macho.

Akafungua faili la nane.

Kwanza zilisikika pumzi, za mtu aliyepanda ngazi nyingi. Kisha:

"Bibi. Umeuliza. Nilijua utauliza siku moja, ila najua ulichelewa, wewe mwoga kama mimi. Mimi sipo, bibi. Hii ni mashine tu, nimeidanganya ikuite. Ikinyamaza, usikae na dawa mkononi. Mwite baba. Anajifanya mkali, lakini glasi ya maji anaweza. Haya. Meza."

Baba aliinuka. Maji ya kwenye glasi yalikuwa bado yamejaa, lakini alikwenda jikoni akaleta mengine, akapiga goti mbele ya mama yake, akamshikia glasi mdomoni kwa mikono miwili, futi ya shingoni ikining'inia.

Bibi alimeza. Akashusha pumzi.

"Nilijua ni mashine," alisema. "Kuona sioni, lakini akili ninazo. Sikuuliza kwa sababu niliogopa kujibiwa."

Kisha akapanga mambo yake mwenyewe. Siku sita mwanawe atamletea dawa, au atapiga simu kama duka lina wateja. Jumapili, kuanzia sasa wote wakibaki nyumbani, mjukuu wake aongee. Mama Futa aliirudisha ratiba hiyo ya siku moja mbele yao wote, akamwonyesha mama wa nyumba jinsi ya kuizima siku watakayokuwa tayari.

Malipo ya siku zile mbili yalitosha kodi ya wiki moja ya chumba anachopanga. Alipofika kwake alikuta ujumbe wa wateja wengine wawili. Mmoja aliandika: futa yote, haraka, nitaiacha kwa jirani.

Huyo wa jirani alimkatalia. Amekuwa akikataa kazi za namna hiyo tangu atoke nyumba ile, ingawa humpunguzia mashine mbili tatu kwa mwezi.

Mpango wake ni kukodi chumba kimoja cha biashara karibu na posta. Ameshakiona: kina dirisha, soketi nne, na nafasi ya meza. Anataka viti viwili tu. Mwenye chumba alimwambia kwamba fundi hahitaji kiti cha pili. Wateja huacha mashine na kwenda zao.

"Nikamwambia, kwangu hawataenda," anasema Mama Futa. "Mwenye mashine atakaa pale, nitamsomea majina yote, atanijibu kwa mdomo wake. Na kama kuna mtu ndani ambaye hajaagwa, tutamuaga kwanza."