Breki ya Upande wa Baba

Asubuhi ile baba alishika sufuria ya chai kwa ukingo wake, ikiwa bado motoni, bila kitambaa, akaibeba hadi mezani na kumimina vikombe viwili. Nilimtazama usoni nikingoja aiachie. Hakuiachia. Ncha za vidole zilikuwa zimebabuka, naye akaniuliza kama mkate umebaki. Kisukari kilikuwa kimemletea ganzi mikononi tangu mwaka uliotangulia, na mtu wa kulitaja jambo hilo mbele yake hakuwepo nyumbani kwetu.

Tuliishi mtaa wa Ziwani na kufanya kazi Shauri Moyo, kwenye uwanja wa mabati ulio juu ya barabara inayoteremka kuelekea sokoni. Baba alikuwa fundi wa trekta maisha yake yote, na mimi, binti yake wa pekee, nilijifunza kwake. Aliniita "mama" kwa kuwa nina jina la mama yake. Hata aliponigombeza kwa kupoteza spana aliniita hivyo hivyo, kwa heshima zote.

Siku hiyo tulikuwa na trekta kuukuu la shamba. Mwenyewe, dereva wa lori anayekaa mtaa wa Tena, alilinunua alipeleke kwao Ukambani, kisha likanyeshewa nje ya ploti yake msimu mzima.

"Mzee, hii kitu inashika breki haiachii," alimwambia baba. "Nikikanyaga, pedali inaenda na hairudi. Na mimi kesho nataka nishuke nayo nyumbani."

Trekta lina pedali mbili za breki, kila moja na gurudumu lake la nyuma. Shambani unakanyaga moja ili ukate kona. Barabarani unazifunga pamoja kwa kipini ili magurudumu yote mawili yashike kwa wakati mmoja. Upande mmoja ukikataa kushika, trekta linavutwa kwenda upande wa pili, na usukani haukusaidii kitu.

Tukagawana kazi: mimi kushoto, yeye kulia. Ndani kulikuwa na kutu tupu. Shafti inayosukuma viatu vya breki, vile vipande vinavyobana dramu ya gurudumu kwa ndani, ilikuwa imegandiana na tundu lake, ndiyo maana breki zikishika haziachii. Nilisugua kwa msasa, nikaipaka shafti grisi kidogo, nikanawa mikono kwa petroli kabla ya kugusa viatu. Baba ndiye aliyenipigia kelele miaka nenda miaka rudi kuhusu hilo la kunawa. Kiatu cha breki kikipata grisi hakishiki tena, kinateleza tu.

Nilipozunguka kuchukua nyundo, nilimkuta anafunga dramu yake. Kidole gumba kiling'aa kwa grisi hadi kwenye kiungo.

"Baba, umenawa?"

"Nimenawa."

"Wacha nifungue nipanguse mara moja tu."

Aliendelea kukaza nati bila kunitazama. "Mama, siku hizi unanikagua?"

Mwenye trekta akacheka, akasema huyu dada ni mkali. Nilitamani kumrushia ile nyundo. Uwanjani kwetu aliyefunga breki ndiye anayeijaribu, na mahali pa kujaribia ni ule mteremko. Wakati huo watu walikuwa wanaupanda na marobota ya mitumba mabegani, na kina mama wauza viatu walikuwa wameshatandika turubai zao kandokando, upande wa kushoto.

"Nitajaribu mimi," nilisema. "Hata mimi nimefunga."

"Basi panda."

Alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Nilikaa juu ya mkinga-tope, lile bati la juu ya gurudumu la kushoto, kando yake, nikashika chuma kwa mikono miwili. Alizifunga pedali pamoja, akawasha, moshi mweusi ukatanda, tukatoka getini. Nilimwomba aanzie pale juu, penye tambarare. Alipapita moja kwa moja, akaingia kwenye mteremko.

Trekta lilishika kasi mapema kuliko nilivyotaka. Kisha baba akakanyaga.

Upande wangu ulishika. Upande wake haukushika. Trekta lilivutwa kushoto kwa nguvu hata nikaangukia bega lake, na mbele yetu nikaona mwanamke akiinuka kutoka kwenye turubai, kiatu mkononi, akirudi kinyumenyume. Baba alikuwa ananing'inia kwenye usukani. Nilidhani tumeua mtu. Tuliposimama, gurudumu la mbele lilikuwa juu ya turubai, limekanyaga viatu, na yule mama alikuwa ameegemea ukuta, mzima, ametutolea macho.

"Mnataka kuniua saa hii ya asubuhi?" alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

Baba alimwomba radhi. Kisha akashuka na kutazama barabara tuliyotoka. Mchirizi mweusi wa tairi ulikuwa mmoja tu, wa kushoto. Aliutazama kwa muda mrefu, watu wakimpita.

Nikaweka mawe chini ya magurudumu na kuleta jeki.

"Fungua upande wangu," alisema.

Niliufungua pale pale barabarani. Juu ya viatu vyote viwili, kila mahali, kulikuwa na alama za grisi za kidole gumba chake. Nilizipangusa moja moja kwa kitambaa chenye petroli. Baba alisimama nyuma yangu, mikono mifukoni.